Charles Drew na damu ya kwenye jokofu: mambo ya kujua mtoto wako anapohitaji kuongezewa damu

Mama au mlezi unayesoma ukurasa huu, huenda umewahi kukaa kwenye benchi la wodi ya watoto umempakata mwanao, viganja vyake vimepauka, anahema haraka haraka, na muuguzi akakuambia kwamba mtoto anahitaji kuongezewa damu. Kama hayajakukuta, basi yamemkuta jirani yako. Karagwe na Kyerwa tunaishi na malaria, minyoo na selimundu, na vyote vitatu humaliza damu ya mtoto.

Katika kazi yangu ya uuguzi wa jamii hapa Omurushaka, kuna maswali mawili ninayoulizwa kila mara. La kwanza: hiyo damu iliyokaa kwenye jokofu wiki nzima, si imeshakufa? La pili ni kinyume chake: mtoto wangu ni mdhaifu, kwa nini msimwekee hata chupa moja apate nguvu?

Niliwahi kumwona bibi mmoja akikataa mjukuu wake asiwekewe damu, kwa sababu aliugusa mfuko akaukuta wa baridi. Familia ilikaa ikajadiliana, simu zikapigwa hadi kwa shangazi aliyeko Bukoba, na saa zikapita. Mtoto alipona, lakini sitasahau nilivyokuwa nikiitazama saa ya ukutani. Nimewahi pia kumwona mama akiondoka kwa hasira, akiamini mwanaye amenyimwa damu, ilhali mtoto yule hakuihitaji na isingemsaidia.

Bibi alikosea, lakini hofu yake ilikuwa na chembe ya ukweli. Mama naye alikosea, ingawa alitaka mema. Ili uelewe ni kwa nini, nitakusimulia maisha ya daktari mmoja aliyefariki zamani, ambaye kazi yake imo ndani ya kila mfuko wa damu unaofika wodini. Anaitwa Charles Drew.

Mtoto wa mtandika mazulia

Charles Richard Drew alizaliwa tarehe 3 Juni 1904 katika jiji la Washington, Marekani. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa fundi wa kutandika mazulia kwenye nyumba za watu, na mama yake alikuwa amesomea ualimu. Walikuwa Wamarekani weusi, na wakati huo mtu mweusi hakuruhusiwa kusoma, kutibiwa wala kufanya kazi popote alipotaka. Shule zilitengwa, hospitali zilitengwa, hata viti vya kukalia vilitengwa.

Drew alipokuwa kijana sifa yake kubwa ilikuwa michezo. Alikuwa na mbio na nguvu, na michezo ndiyo iliyomsaidia kupata nafasi katika Chuo cha Amherst. Lakini mwaka 1920, mdogo wake Elsie alifariki kwa kifua kikuu kilichochanganyika na mafua makali. Kifo cha Elsie kilimfanya kijana huyu aanze kufikiria udaktari.

Alipomaliza Amherst mwaka 1926 hakuwa na ada ya kusomea udaktari. Alifanya kazi miaka miwili akifundisha baiolojia, kemia na michezo katika Chuo cha Morgan mjini Baltimore, akadunduliza fedha. Kisha akaenda Kanada, katika Chuo Kikuu cha McGill, kwa kuwa nchini kwake vyuo vya udaktari vilivyopokea watu weusi vilikuwa vichache sana. Alihitimu mwaka 1933 akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi 137.

Huko McGill alikutana na mwalimu mmoja Mwingereza, John Beattie, ambaye alimvutia katika jambo litakalomshughulisha kwa miaka mingi: kuongezea wagonjwa damu.

Damu ilipokuwa haihifadhiki

Ujue, mama, kwamba kuongezewa damu kwa usalama ni jambo jipya. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna alieleza kwamba damu za watu zina makundi, na kwamba ukichanganya kundi lisilopatana na lingine, damu huganda vipande vipande. Hapo ndipo watu walipoelewa kwa nini wagonjwa wengi waliowekewa damu ya mtu mwingine walikuwa wakifa.

Lakini kujua kundi hakukutosha. Damu ikitoka mwilini huganda baada ya dakika chache, na isipoganda huharibika. Kwa hiyo ilibidi mtoaji awe karibu na mgonjwa saa ile ile. Fikiria mama anayetokwa na damu usiku baada ya kujifungua, na watu wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta mtu wa kundi lake. Wakimpata, mara nyingi wamechelewa.

Baadaye iligunduliwa dawa ya sitrati inayozuia damu kuganda, na mwaka 1937 daktari Bernard Fantus alianzisha benki ya damu katika hospitali ya Cook County mjini Chicago. Hata hivyo, hakuna aliyejua vizuri damu inabadilikaje inapokaa kwenye baridi, wala inafaa kwa siku ngapi. Watu walikuwa wakiiweka na kuitumia kwa kukisia.

Swali la Drew ndilo swali la bibi

Mwaka 1938 Drew alipata ufadhili wa kwenda kusoma zaidi katika Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, akifanya kazi katika Hospitali ya Presbyterian pamoja na daktari John Scudder. Swali walilolichunguza ni lile lile aliloniuliza yule bibi: damu ikikaa kwenye jokofu, inapatwa na nini?

Walichukua damu, wakaihifadhi kwa njia mbalimbali, kisha wakaipima siku baada ya siku. Walihesabu chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Walipima madini ya potasiamu, ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya chembe nyekundu, na wakaona kwamba kadiri siku zinavyopita ndivyo yanavyovuja na kuingia kwenye maji ya damu. Waliangalia pia baridi inayofaa, umbo la chupa linalofaa, na madhara ya kutikisa chupa wakati wa kuisafirisha.

Jibu walilopata ni kwamba damu kwenye jokofu haijafa, ila inazeeka. Ikitunzwa vizuri huokoa maisha, na ikitunzwa vibaya huharibika mapema. Agosti 1939 walifungua benki ya damu ya majaribio katika hospitali hiyo. Mwaka 1940 Drew aliandika tasnifu yake juu ya kuhifadhi damu, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya tiba kutoka Columbia. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa Lenore Robbins, mwalimu. Binti yao wa kwanza walimpa jina la utani Bebe, kutokana na herufi mbili za mwanzo za maneno benki ya damu kwa Kiingereza.

Ndani ya mfuko kunatokea nini?

Hapa nisimamishe simulizi kidogo nikueleze kwa lugha ya nyumbani, maana hapa ndipo penye jibu la maswali yetu mawili.

Ndani ya mfuko mna chembe nyekundu zinazobeba hewa safi ya oksijeni. Hizo ndizo mtoto anazozihitaji. Lakini mkiwa na damu kamili, mna pia chembe nyeupe za mtoaji, ambazo ni askari wa mwili. Siku zinavyopita, mambo mawili hutokea.

La kwanza, askari hawa wa mtoaji hufa mapema. Wakipasuka humwaga kemikali ambazo kazi yake ni kupiga mbiu ya hatari. Kemikali hizo hubaki humo mfukoni.

La pili, chembe nyekundu nazo huzeeka. Huwa ngumu, hupoteza umbo lake, na baadhi hupasuka. Zikiingia mwilini mwa mgonjwa, bandama na ini huzitambua kuwa zimechakaa na kuzimeza. Askari wanaozimeza wakilemewa na kazi, madini chuma huzagaa kwenye damu, nao huanza kutoa ishara za hatari.

Matokeo yake, askari wa mtoto mwenyewe huamka kana kwamba kuna adui, ilhali hayupo. Mara nyingi dalili ni homa na kutetemeka, na hupita. Mara chache sana askari hao huweza kuumiza mwili wenyewe, hasa mapafu, na mtoto akashindwa kupumua. Na madini chuma yaliyozagaa huweza kuwa chakula cha bakteria kama mtoto ana maambukizi.

Drew hakuyajua haya yote. Vipimo vya wakati wake havikufika huko. Lakini ni yeye na wenzake waliokaa wakahesabu chembe na kupima uvujaji siku baada ya siku, na waliokuja nyuma yao wakajenga hapo.

Damu iliyovuka bahari

Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa ikipigwa mabomu na Ujerumani, na majeruhi walikuwa wengi. John Beattie, yule mwalimu wa McGill, alikuwa amerudi kwao na alihitaji msaada wa damu haraka. Kusafirisha chembe nyekundu kuvuka bahari kulikuwa kugumu, kwa kuwa zilikuwa zikiharibika. Lakini maji ya damu yenye rangi ya manjano, yaani plazima, yalidumu zaidi na hayakuhitaji chembe.

Drew aliwekwa kuwa daktari msimamizi wa mradi huo. Hospitali kadhaa za New York zilikuwa zikikusanya damu, kila moja kwa namna yake, na baadhi ya chupa zilikuwa zikiingia uchafu. Yeye aliweka utaratibu mmoja kwa wote: namna ya kusafisha ngozi ya mtoaji, namna ya kutenganisha plazima, kuipima kama ina bakteria, na kuifunga. Kuanzia Agosti 1940 hadi Januari 1941, watu 14,556 walitoa damu, na zaidi ya lita 5,000 za plazima iliyochanganywa na maji ya chumvi zikapelekwa Uingereza.

Mapema mwaka 1941 aliongoza benki ya damu ya majaribio ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani jijini New York. Hapo yalitumika magari yenye majokofu yaliyowafuata watoaji walipo. Ukiona gari la Damu Salama limeegesha shuleni au kwenye uwanja wa mkutano, na wanafunzi wamepanga foleni, ujue wazo hilo lina zaidi ya miaka 80.

Damu haina rangi ya ngozi

Sasa sikiliza jambo la kuumiza. Mtu huyu aliyeijenga huduma hiyo, damu yake mwenyewe haikutakiwa. Msalaba Mwekundu wa Marekani, kwa kufuata matakwa ya jeshi, haukupokea damu ya watu weusi. Januari 1942 ulianza kuipokea, lakini ukaiweka kando ili isichanganyike na ya weupe. Utaratibu huo uliendelea hadi mwaka 1950.

Drew alisema wazi kwamba hakuna msingi wowote wa kisayansi wa kutenga damu kwa rangi ya mtu. Kinachotofautisha damu ni kundi, si ngozi. Alikuwa amesharudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, ambako aliongoza idara ya upasuaji. Mwaka 1944 alipewa Nishani ya Spingarn, tuzo kubwa ya chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Lakini yeye alijivunia zaidi wanafunzi wake. Kati ya mwaka 1941 na 1950, zaidi ya nusu ya Wamarekani weusi waliothibitishwa kuwa madaktari bingwa wa upasuaji walikuwa wamepita mikononi mwake.

Nalisema hili kwa sababu hata kwetu nimesikia watu wakitaka damu ya ukoo tu, au wakiikataa kwa sababu hawajui imetoka kabila gani au dini gani. Damu ya Mnyambo, Mhaya, Msukuma au Mgogo, ikipimwa na ikapatana kundi, ni dawa ile ile. Na damu ya ndugu si salama zaidi kwa kuwa ni ndugu. Nayo lazima ipimwe.

Kifo, na uvumi uliodumu kuliko ukweli

Tarehe 1 Aprili 1950, Drew na madaktari wenzake watatu walikuwa wakiendesha gari usiku kwenda Tuskegee, Alabama, kwenye kliniki ya bure iliyofanyika kila mwaka. Alikuwa amechoka, akasinzia kwenye usukani karibu na mji wa Burlington, North Carolina. Gari lilipinduka. Alikimbizwa katika hospitali ya karibu na madaktari wazungu waliokuwa zamu walijitahidi kumwokoa, lakini majeraha yalikuwa makubwa mno. Alifariki akiwa na miaka 45, akaacha mke na watoto wanne.

Baada ya kifo chake ulienea uvumi kwamba alikufa kwa kuwa hospitali ya wazungu ilimnyima damu. Uvumi huo si wa kweli. Madaktari aliosafiri nao walishuhudia kwamba alihudumiwa. Watu waliuamini kwa kuwa wagonjwa wengi weusi wa wakati huo walikuwa wakinyimwa huduma kweli, lakini kwa Drew haikuwa hivyo. Hata hivyo, unasimuliwa mpaka leo.

Na sisi tuna uvumi wetu: damu inauzwa, damu ya jokofu imekufa, ukiwekewa damu utabadilika tabia. Uvumi kama huo ndio uliomchelewesha mjukuu wa yule bibi.

Kazi iliendelea, mpaka Mulago

Swali la Drew halikufungwa. Katika Columbia, chuo kile kile, mwaka 2010 watafiti walionyesha kwa panya kwamba damu iliyokaa muda mrefu huzagaza madini chuma na kuamsha kinga ya mwili kupita kiasi. Mwaka 2017 walieleza utafiti wa watu wazima 60 wenye afya waliorudishiwa damu yao wenyewe baada ya kukaa jokofuni wiki 1 hadi 6. Uharibifu wa chembe mwilini ulipanda sana kwa waliopewa damu ya wiki 6.

Jibu linalotuhusu zaidi lilitoka kwa jirani zetu. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kuanzia 2013 hadi 2015, watoto 290 wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 waliokuwa na upungufu mkali wa damu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa damu iliyokaa siku 1 hadi 10, lingine iliyokaa siku 25 hadi 35. Damu ya zamani haikuonekana kuwa duni katika kuwapatia watoto oksijeni. Lakini zingatia jambo moja: damu yote ilikuwa imechujwa kwanza ili kuondoa chembe nyeupe.

Kuchuja huko ndiyo njia kubwa inayotumika duniani kupunguza madhara niliyoyaeleza. Chembe nyeupe zikitolewa kabla ya damu kuhifadhiwa, hazitakuwepo za kupasuka na kupiga mbiu. Vichujio ni ghali, na si kawaida kuvikuta katika hospitali za wilaya. Basi kwetu njia zilizo karibu ni tatu: kuitunza damu katika baridi sahihi, kati ya nyuzi 2 na 6, kutoitumia ikipita tarehe yake, ambayo kwa mifuko mingi ni siku 35, na kutomwekea mtoto damu asiyoihitaji.

Je, ni nani anayeihitaji? Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto ambaye hemoglobini yake iko chini ya gramu 4 kwa desilita aongezewe. Aliye kati ya 4 na 6 aongezewe akiwa na dalili za hatari, kama kupumua kwa shida, kupoteza fahamu au moyo kushindwa kazi. Utafiti wa watoto 1,565 nchini Uganda na Malawi, uliotolewa mwaka 2019, uliongeza jambo hapo. Kwa watoto wa kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, kuwaongezea damu papo hapo hakukupunguza vifo kuliko kuwafuatilia kwa karibu. Lakini karibu nusu ya waliosubiri walikuja kuihitaji baadaye. Kwa hiyo ukiambiwa tusubiri kidogo, maana yake si kwamba urudi nyumbani. Baki wodini mtoto aangaliwe.

Wewe ufanye nini?

Kabla mtoto hajaishiwa damu:
- Mlaze ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, msimu wa mvua na wa kiangazi.
- Akipata homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo au kesho yake. Usimalizie kwenye duka la dawa.
- Mpe dawa za minyoo zinapotolewa kituoni.
- Ndizi peke yake haziongezi damu. Changanya na maharage, dagaa, mboga za majani, na maini au nyama inapopatikana. Chai na kahawa zisiandamane na chakula, kwa kuwa huzuia madini chuma kuingia mwilini.
- Ukiwa mjamzito, nenda kliniki mapema na umeze vidonge vya kuongeza damu mpaka viishe.
- Mtoto akivimba mikono na miguu, au akipata manjano na maumivu ya mara kwa mara, mpeleke akapimwe selimundu.

Mwahishe kituoni ukiona:
- Viganja, midomo au sehemu ya ndani ya kope imepauka.
- Anapumua kwa haraka au kifua kinabonyea.
- Amelegea, hanyonyi, au mkojo wake ni mweusi kama kahawa.

Mtoto anapoongezewa damu:
- Uliza kundi lake, na uhakikishe jina lililo kwenye fomu ni la mwanao. Uliza mbele ya muuguzi, bila woga. Haitakuwa utovu wa adabu.
- Uliza kwa nini anaongezewa, na hemoglobini yake ni ngapi.
- Usiupashe mfuko kwa maji ya moto, kwenye jua wala kifuani. Ubaridi wake ndio uliozilinda chembe. Damu ikishatoka kwenye jokofu inapaswa kuanza kuingia ndani ya dakika 30, na kuisha ndani ya saa 4.
- Kaa naye macho, hasa dakika 15 za mwanzo. Ukiona homa mpya, kutetemeka, vipele, kuwashwa, kupumua kwa shida, maumivu ya mgongo au mkojo mwekundu, mwite muuguzi mara moja ili afunge damu na kumwangalia. Usisubiri chupa iishe.

Mtoto akishapona:
- Mshawishi baba, mjomba na shangazi wakachangie damu. Anayetoa awe na miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na afya njema. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha wasitoe.
- Damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Damu haiuzwi. Ukiombwa fedha kwa ajili ya damu, toa taarifa kwa uongozi wa hospitali.

Nirudi kwa yule bibi. Siku mjukuu wake aliporuhusiwa, nilimweleza kwamba damu ile ilikuwa baridi kama maziwa yanavyowekwa kwenye baridi yasiharibike. Alicheka, akaniuliza ni nani aliyegundua hayo. Nikamwambia ni kijana mmoja mweusi, mtoto wa fundi, aliyefiwa na mdogo wake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo kijana bado yupo, ili amshukuru.

Hayupo. Lakini shukrani yetu inaweza kuwa kulinda damu ya watoto wetu isipungue, kuwawahisha inapopungua, na kuipokea ya jokofuni bila hofu pale wanapoihitaji kweli. Ukiwa na swali, usilale nalo. Njoo kituo cha afya kilicho karibu nawe, au muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako.